Itahesabiwa Kuwa Imeanza

Katika lugha hii risasi ni mbili:
ile itokayo kwenye mtutu,
na ile tuliyoiyeyusha Entebbe kila alfajiri
kwenye kiwanda cha chapa cha serikali,
ikamiminwa kalibuni, ikatoka a, ikatoka m,
ikatoka nukta.
Mimi nilikuwa mtu wa risasi ya pili.
Natangulia kusema hivyo
ingawa hakuna aliyeniuliza.

Mpanga herufi husoma kama popo,
miguu juu, kila neno limegeuka.
Miaka kumi na tisa.
Ukishazoea, gazeti lililonyooka ndilo linalokuumiza macho.

Katiba ya uhuru niliipanga nikiwa mwanagenzi.
Nene! Na lile neno lake, isipokuwa:
mtu hatakamatwa, isipokuwa;
nyumba haitapekuliwa, isipokuwa kwa hati ya hakimu.
Lilinimalizia kasha zima la herufi.
Nililitukana.
Sikujua kuwa ndilo boriti.

Kisha ikaja amri ya kwanza, ukurasa mmoja na nusu:
vifungu vifuatavyo vimesimamishwa.
Baadaye ndipo nilipokistaajabia Kiswahili:
kusimamisha ni kuinua kitu kikasimama,
kusimamisha pia ni kukizuia kisiende.
Walisimamisha dola kwa kusimamisha katiba,
kitenzi kimoja, mshahara mmoja.
Zile kurasa za zamani tulizirudisha chunguni.
Risasi haikumbuki ilikuwa neno gani.

Mwaka wa vita vya Kagera amri zilikuja usiku
kwa Kiingereza safi, zina pambizo pana.
Kutekelezwa, zilitekelezwa kwa Kiswahili:
Fungua! Toka! Lala chini!
Jirani zangu wengi hawakujua Kiswahili kingine.

Jumanne wakamchukua Kezironi Walugembe
wa Kitooro, muuza chumvi.
Magunia mawili chini ya kitanda.
Siku hiyo chini ya kitanda hapakuwa kosa.

Ijumaa katibu akaleta karatasi.
Amri ya wafichao bidhaa wakati wa vita.
Kifungu cha kwanza, kosa. Cha pili, adhabu;
hicho nilikipanga bila kukisoma.
Cha tatu: hakuna mahakama itakayoihoji amri hii.
Cha nne: itahesabiwa kuwa imeanza kutumika
Jumatatu, tarehe kumi na tano.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Huu ulikuwa na meno ya nyuma tu.

Nikaangalia kalenda ukutani, ya kampuni ya baiskeli.
Nikasema, kwa adabu ya fundi:
Bwana, Jumatatu ilikuwa kumi na tatu.
Kumi na tano ni Jumatano.
Akatoa kalamu. Akafuta tano, akaandika tatu.
Akanishukuru, akaniita mtu makini.
"Panga," akasema.
Nikapanga.

Ningenyamaza,
siku na tarehe zingegombana ndani ya sentensi moja
na Jumanne ya Kezironi ingebaki katikati yao,
upenyo wa mtu mmoja kujibanza.
Wakili angeweza...
Wakili gani? Mbele ya nani? Na kifungu cha tatu?
Najua. Nimejijibu hivyo miaka yote,
jibu limekwisha ladha.

Baada ya vita shehena za gazeti rasmi ziliuzwa kwa kilo.
Eseza, mkewe, alikuwa amerudi sokoni Kitooro,
anasokota karatasi pembe, anatia chumvi.
Nilinunua ya shilingi tano. Hakunitazama.
Nyumbani nikaifungua juu ya meza:
kifungu cha nne chote, na nusu ya cha tatu,
chembe zimenasa penye kila mstari.
Nikasoma polepole, kidole kikifuata.
Hakikuwa na kosa hata moja.